Samaki wa Jumamosi

Oktoba ikifika nusu, kusi huanza kuchoka. Mawimbi yaliyokuwa yakipasukia mwambani tangu Aprili hulegea, matlai huvuma asubuhi, na Mji wa Kale wa Mombasa hugeuka tena kuitazama bahari. Pale Bandari ya Kale na kule Mlango wa Papa, vyombo vilivyopandishwa juu wakati wa kusi hulazwa ubavu. Fundi hupigilia pamba kwenye nyufa, akakalafati kwa mkono usio na haraka. Mwenye chombo hupaka mafuta ya sifa au rangi, kulingana na mfuko wake ulivyo. Nyavu za jarife hutandikwa barazani zikashonwa matundu. Malema husukwa, mishipi hupimwa kwa pima, injini hufunguliwa na kufungwa mara kadhaa mpaka ikubali. Hakuna aliyepiga mbiu. Kila mtu ajua kwamba kaskazi yaja, na miezi michache ya kaskazi ndiyo huilisha miezi mingine yote.

Siku hizohizo, huko Michigan, Marekani, watu wengi nao wamo katika matayarisho ya mawindo. Msimu wa kumwinda kulungu kwa bunduki hufunguliwa tarehe 15 Novemba na kufungwa tarehe 30, siku hizo ziangukie popote katika juma. Mwindaji hukata leseni, huvaa rangi ya chungwa inayong'aa ili mwenzake asimdhanie mnyama, na akishaua huufunga mzoga kibandiko chenye nambari ya leseni yake. Mtu wa Mombasa akisimuliwa hayo hucheka kwanza, kisha huuliza swali moja tu: na je, kulungu akitokea tarehe 14 jioni, amesimama ubavu, karibu, na bunduki iko mkononi? Huachwa apite.

Sisi kwa mnyama wa nchi kavu hatuna tarehe 14 wala tarehe 15. Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji nchi nzima, mwaka uliofuata ikafunga na biashara ya nyara za wanyama, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ikakaza fundo lilelile. Aliyezaliwa Kibokoni, hapa Mji wa Kale, mwezi ule wa marufuku leo huenda ana wajukuu, na hajawahi kumwona mtu akishuka mjini na nyama ya paa aliyemwinda kwa kibali.

Ajabu ni kwamba kisiwa hiki ndicho kilichokuwa lango la uwindaji huo. Tarehe 21 Aprili 1909 Theodore Roosevelt, wiki chache baada ya kuuacha urais wa Marekani, alishuka Mombasa, usiku akaandaliwa karamu Mombasa Club, ubavuni mwa Fort Jesus, kisha akapanda treni kwenda bara. Kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kabla ya safari kwisha. Yote yalikuwa halali. Leseni ya mgeni wakati ule iligharimu pauni 50, fedha ambayo mpagazi aliyebeba hema lake angeifanyia kazi kwa miaka. Na wapagazi, wapishi na wabeba bunduki wa safari za namna hiyo wengi walikuwa watu wa pwani hii, waliojua njia, waliojua kupiga kambi, na ambao katika picha za zama zile huonekana wamesimama nyuma ya mzoga bila ya majina.

Sheria za mawindo hazikuja pamoja na Uhuru wala na watalii wa kamera. Mwaka 1900 dola za Ulaya zilikutana London zikatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, na waliouandika walikuwa, wengi wao, watu wanaopenda kuwinda. Waliogopa mawindo yasije yakaisha kabla ya zamu yao. Silaumu hofu hiyo. Ni hofu yenye akili. Ninalotazama ni nani aliyeachiwa mlango na nani aliyefungiwa. Nyuma ya Malindi, kuelekea Galana na Tsavo, Waata walikuwa wakiwinda tembo kwa upinde mzito ambao wageni wengi hawakuweza kuuvuta, na kwa mshale uliopakwa sumu ya mti wa msungu. Hifadhi ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948, uwindaji wa baba zao ukawa wizi. Katika operesheni kali ya mwaka 1956 na 1957 wengi wao walikamatwa wakafungwa. Pembe walizozitoa zilikuwa zikiteremka mpaka pwani, zikapimwa, zikauzwa, zikapakiwa. Aliyeingia jela mara nyingi alikuwa mwenye upinde, si mwenye mizani.

Nchi jirani hazikufunga kama sisi. Tanzania ilipiga marufuku yake mwaka 1973, ikaiondoa mwaka 1978, na mpaka leo msimu wa uwindaji wa leseni huko hufunguliwa Julai. Unguja kuna wasasi, watu wa vijijini wanaotoka kwa makundi na nyavu na mbwa kumtafuta paa, na humo msituni yumo paa nunga, mnyama mdogo ambaye waliobaki duniani wako Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Nisingependa mtu adhani kwamba nasema tungefanya kama wao. Lakini marufuku yetu nayo isisifiwe kupita kiasi. Watafiti walioyapitia matokeo ya sensa zilizofanywa kwa ndege tangu mwaka 1977 mpaka 2016 waligundua kwamba katika maeneo ya malisho ya Kenya wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Bunduki ya kibali ilinyamaza, ila ua, shamba, mifugo na ukame havikuhitaji kibali. Huko Michigan, wakati huo, mwindaji mwenyewe hulipia uhai wa anachokiwinda: tangu mwaka 1937 kodi ya bunduki na risasi Marekani hupelekwa kwenye uhifadhi. Si mfumo wa malaika, lakini unamfanya mwenye bunduki awe na haja na kulungu wa mwakani.

Mtu aliyesoma chuoni, nami nasema chuo kile cha mkeka na ubao wa nyumba za Mji wa Kale, atakuwa ameshaona tunakokwenda. Katika Suratul Maida mna hukumu ya mawindo ya aliyehirimia Hija au Umra. Mnyama wa nchi kavu ni haramu kwake muda wote awapo katika ihramu. Samaki na vyote vya baharini vimehalalishwa. Akiua mnyama kwa makusudi, hutoa fidia ya mfugo unaolingana na alichokiua, na kulingana huko huamuliwa na watu wawili waadilifu. Kwa hivyo ule mgawanyo tunaouona kuwa wa serikali ya Kenya, nchi kavu kufungwa na bahari kuachwa wazi, haukuwa mgeni katika mji huu. Ni kama tangu mwaka 1977 nchi nzima imevaa ihramu, tofauti ni kwamba Hija hii haina siku ya kunyoa nywele na kurudi nyumbani.

Ndiyo maana mwindaji wa mwisho wa Mombasa ni mvuvi. Akitoka na chombo chake alfajiri, anafanya hasa anachokifanya yule wa Michigan: anasoma upepo, anakumbuka pahali, anangoja kimya, anaua, analeta nyumbani. Na yeye, kwa karne nyingi, alikuwa na msimu uliofungwa na kufunguliwa bila ya gazeti la serikali.

Kusi ndilo lililokuwa likifunga. Mwezi wa Aprili na Mei hubadili bahari ya nje ya mwamba ikawa si mahali pa mtu mwenye ngalawa, na mpaka Septemba hivi wavuvi walibaki ndani, kwenye maji ya hori na mikondo ya Tudor, wakipata kidogo, wakitengeneza vifaa, wakilima walio na shamba ng'ambo. Kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo huzunguka na kuyaacha majira nyuma, watu wa bahari walishika mwaka wa Nairuzi, wa siku 365, wakauhesabu kwa miongo, kumi kumi, wakajua ni mwongo wa ngapi chombo hupandishwa na wa ngapi hushushwa. Majahazi ya Oman, Kuwait na Uajemi nayo yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, na kwa miezi fulani ungeweza kuvuka Bandari ya Kale kwa kukanyaga vyombo. Upepo ulikuwa afisa wa uvuvi asiyelipwa mshahara, wala hongo hakuipokea. Samaki wakati huo walipumzika, hata kama hakuna aliyekusudia kuwapumzisha. Mvuvi hakujiona mhifadhi. Alijiona ana njaa kidogo, na anangoja.

Zikaja injini na boti za faiba. Mwenye injini ya nguvu hutoka hata Juni, akachagua siku iliyotulia, akapita mlango wa mwamba, akarudi kabla ya adhuhuri. Mwenye mtumbwi amebaki palepale alipokuwa babu yake. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo palipovunjika jambo ambalo hatujaliunga tena. Kusi lilikuwa likimfungia kila mtu, tajiri na maskini, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeona kwamba ameonewa. Sasa humfungia asiye na injini peke yake. Sheria ambayo wengine wameshapata njia ya kuiruka haifundishi subira. Inafundisha kununua injini.

Karatasi ikaja kuifanya kazi iliyokuwa ya upepo. Kanuni za mwaka 2007 zilianzisha BMU, ule umoja wa wavuvi, wenye vyombo na wachuuzi wa kila bandari, uwe na daftari, kamati na sauti. Sheria ya Uvuvi namba 35 ya mwaka 2016 ikapanga mengine. Mwaka 2018 kikosi cha walinzi wa pwani kikazinduliwa hapahapa Liwatoni. Mzee mmoja wa bahari alinihesabia kwa vidole vya mkono uliokatwakatwa na mshipi yale anayotakiwa kuwa nayo kabla ya kaskazi: leseni yake, leseni ya chombo, kadi ya BMU, cheti cha ukaguzi, jaketi la kuokolea kwa kila baharia.

"Na upepo je, ami?" nikamuuliza.

"Upepo haukati risiti, mwanangu."

Hakusema kwa uchungu. Jaketi analiona lina faida, maana anawajua waliozama. Lililomkera ni kwamba karatasi zote hizo zamwambia nani avue, na hakuna hata moja imwambiayo lini. Kwa mvuvi wa ndani ya mwamba wa Mombasa hakuna tarehe 15 Novemba. Kuna vifaa vilivyokatazwa, kuna mahali palipokatazwa, kuna ukubwa na aina. Siku iliyokatazwa haipo.

Katika vifaa, viwili viliingia marufuku mwaka 2001: juya na bunduki. Bunduki ninayoisema si ile ya baruti. Ni kipande cha mti, ufito wa chuma ulionolewa na mpira wa tyubu ya gari, na kijana aliyeishika huvaa miwani ya kuzamia na kuingia majini. Gharama yake ni ndogo kuliko ya wavu wowote, na ndiyo sababu huwa ya asiye na mtaji. Utafiti uliofanywa katika miamba ya Kenya umeonyesha kwamba juya na bunduki ni miongoni mwa vifaa vinavyoumiza mwamba zaidi, na juya lina dhambi ya ziada: hukokota vichanga. Ushahidi naukubali. Hata hivyo siwezi kujizuia kuona kwamba kati ya njia zote za kuvua, iliyokaribia sana uwindaji wa Roosevelt, yaani mtu mmoja, mnyama mmoja, shabaha moja, ndiyo iliyopigwa marufuku moja kwa moja, na aliyeshika mkuki ule ni yule mwenye mfuko mtupu. Waata wangeitambua hali hiyo.

Lakini upo mfano wa msimu uliopangwa kwa haki, tena baharini, tena hapa pwani. Katika Ghuba ya Ungwana na Malindi, meli za trola zilikuwa zikikokota nyavu kutafuta kamba, zikakata nyavu za wavuvi wadogo, zikatupa samaki wasiowahitaji wakielea wamekufa. Ugomvi ulipozidi, mwaka 2006 zikasimamishwa. Mpango wa kusimamia uvuvi wa kamba ulioandikwa mwaka 2010 ukazirudisha kwa masharti: zisivue usiku, zisikaribie pwani chini ya maili tatu za baharini, na tangu tarehe 1 Novemba mpaka tarehe 31 Machi zisivue kabisa. Tazama miezi hiyo. Ni kaskazi yenyewe. Meli kubwa, inayoweza kuhimili mawimbi ya kusi, imepewa kusi. Chombo kidogo kimeachiwa bahari iliyotulia. Sijui kama waliokaa mezani kuandika mpango ule waliwaza hivyo, au walihesabu tu majira ya kamba kuzaa na kukua. Vyovyote, karatasi mara hii ilifanya jambo ambalo upepo haukuwahi kulifanya: ilimfunga mkubwa.

Basi turudi kwa mdogo, maana naye ana lake, na si dogo. Kaskazi hiyohiyo inayongojwa kwa hamu ndiyo majira ya tasi kuzaa. Huko Msambweni, kusini mwa Mombasa, watafiti na wavuvi wamezitambua sehemu ambako tasi hukusanyika kwa wingi kutaga, kati ya Novemba na Februari, katika siku chache zinazofuata mwezi mpevu. Samaki ambaye mwezi mzima ungemtafuta mmoja mmoja huja kwa makundi, amejaa mayai, hana hadhari. Lema likiwekwa hapo halihitaji chambo cha kusifia. Na kulungu wa Michigan ni vivyo hivyo: Novemba ndiyo wakati dume huzunguka mchana kutwa akitafuta jike, akasahau kujificha. Mwindaji popote alipo amejua tangu zamani kwamba mawindo hujileta yanapotaka kuzaana. Tofauti ni kwamba wa Michigan amehesabiwa: kibandiko kimoja, mnyama mmoja. Mwenye lema Msambweni hesabu yake ni ya lema lenyewe litakavyojaa.

Hapa ndipo kisa cha watu wa Jumamosi kinaponijia, kisa ambacho kila mtoto wa chuoni amesimuliwa kabla hajajua kuogelea. Ulikuwako mji kando ya bahari. Wafasiri wengi husema ni Aila. Watu wake waliamrishwa wasivue siku ya Jumamosi, na siku hiyohiyo samaki wakawa wanakuja juujuu ya maji, wazi, karibu. Siku nyingine hawaonekani. Wafasiri wanasimulia kwamba baadhi yao wakafanya hila: wakatega Ijumaa, samaki wakaingia Jumamosi, wakaja kuwatoa Jumapili. Mikono yao Jumamosi ilikuwa mikavu. Ukiwauliza, hawakuvua.

Tulipokuwa wadogo kisa hiki kilikuwa cha kutisha kwa sababu ya adhabu iliyofuata. Nikikisoma leo kinanishika kwa sababu nyingine: ni kisa cha pekee ninachokijua ambacho kanuni ya uvuvi inasimuliwa kwa undani wa mtu aliyekaa na wavuvi. Yeyote aliyetunga sheria ya msimu atakutana na lema la Ijumaa. Na tena, samaki wa Jumamosi si ndoto. Tasi wa mwezi mpevu ndiye. Anakuja hasa siku ambayo ingefaa aachwe.

Lema la Ijumaa liko hata Nyali na Bamburi, ingawa huko ni halali na sitaki nimuudhi mtu. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986: kilomita za mraba 10 za bustani ambamo hakuna kuvua kabisa, zikizungukwa na kilomita za mraba 200 ambamo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Wavuvi waliipinga, na walikuwa na haki ya kupinga, maana walichukuliwa maji yao bila ya kupewa mengine. Miaka ikapita. Watafiti walipopima, waliona samaki wa ndani wanavuka mpaka na kutoka nje, na malema yaliyowekwa karibu na mpaka yakapata kuliko ya mbali. Mvuvi hakuhitaji kuambiwa. Alishaupanga mstari wa malema pale maboya yanapoishia. Nami siioni kama hila. Ni kodi inayorudi kwa aliyetozwa. Huko Kuruwitu, Kilifi, wavuvi walitazama jambo hilo wakafunga wenyewe kipande cha mwamba wao katikati ya muongo wa 2000, bila ya kulazimishwa na mtu, na mwaka 2017 wakapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa. Katika kisiwa cha Pate wanawake wanaotafuta pweza nao wamejaribu kuufunga mwamba miezi kadhaa kisha kuufungua, njia iliyoanzia kijiji cha Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004. Pweza hukua upesi. Anayeachwa miezi michache hurudi mzito. Siku ya kufungua huwa kama sikukuu, na ndiyo mara ya pekee ninayosikia pwani hii watu wakisema "msimu umefunguliwa" kama anavyosema mtu wa Michigan.

Kufungwa peke yake watu wa Mombasa wamekuzoea. Mwisho wa Machi 2020 amri ya kutotoka usiku ilipotangazwa, aliyekuwa akivua kwa taa alikosa kazi siku ileile, na tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungwa kuingia na kutoka. Lamu, baada ya utekaji wa mwaka 2011, uvuvi wa usiku ulikatazwa kwa miaka kadhaa kwa sababu za usalama. Hakuna katika amri hizo iliyotolewa kwa ajili ya samaki, na hakuna aliyehesabu tasi wala changu walipumzika kiasi gani. Lakini zimeacha tabia mbaya: mvuvi akisikia neno "kufunga" sasa humfikiria mtu mwenye bunduki au barakoa, haufikirii mwezi mpevu. Ukienda kwenye kikao cha BMU ukapendekeza siku tano za kumwacha tasi, jibu utakaloletewa haraka ni moja: tutafunga sisi, na wale wa boti za ng'ambo? Swali hilo lina haki. Aliyeuliza ameona kusi likigeuzwa kuwa sheria ya maskini, na hataki kaskazi nayo iende huko.

Zipo njia ndogo zisizongoja kikao. Mwaka 2013 watafiti wanaofanya kazi katika pwani hii walichapisha matokeo ya malema yaliyoachiwa mwanya mwembamba ubavuni, kiasi cha kumruhusu samaki mchanga atoke. Waliobaki ndani walikuwa wakubwa zaidi, na kipato cha mvuvi hakikushuka, kilipanda. Mwanya huo hauhitaji afisa, wala tarehe, wala jaketi. Fundi wa malema huuacha anaposuka, basi. Nilimsimulia mama karanga mmoja, mkaanga samaki wa Mji wa Kale, habari hiyo, nikidhani nampa bishara. Alikuwa ameinamia karai, anageuza vidagaa na vitasi vya urefu wa kidole, watoto wa skuli wakimzunguka na sarafu.

"Haya ya wanaume mazuri," akasema. "Samaki akikua hupanda bei, akapanda na gari akenda hotelini. Hawa wadogo ndio wangu. Mkishawatoa wote kwenye huo mwanya wenu, mimi n'takaanga nini?"